Jiko la gesi na umeme halitoshi bila elimu

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za mijini nchini Kenya mafahali wawili wanalala zizi moja usiku na mchana, nao ni gesi na umeme. Nakusudia lile jiko la kusimama ambalo wauzaji hulitaja kwa hesabu ya tatu na moja: sehemu tatu za gesi na bamba moja la umeme juu yake, na oveni ya umeme chini. Mwalimu aliyeweka akiba kwa miezi kadhaa hulinunua, likapandishwa ngazi na vijana wawili, likawekwa pembeni, na majirani wakaja kulitazama.

Waama, baada ya mwaka mmoja jiko hilo huwa limegeuka kabati. Oveni imejaa sufuria na karai za chapati. Bamba la umeme limeota kutu. Sehemu mbili kati ya tatu za gesi zinatoa moto wa manjano unaochafua vyombo kwa masizi, na kitabu cha maelezo hakijulikani kilikotupwa. Naandika makala haya kwa sababu naamini hali hiyo haitokani na uvivu wa wapishi. Inatokana na kwamba tumeuziwa chombo bila kuuziwa maarifa yake, nasi walimu tumenyamaza.

Kwanza nakiri kwamba aliyebuni jiko la namna hii hakukosa hekima. Wakenya hatuhitaji kufundishwa maana ya giza. Mwaka 2000 ukame uliyapunguza maji ya mabwawa ya mto Tana hata umeme ukawa unagawanywa kwa zamu. Juni 7, 2016 tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikakosa umeme. Agosti 25, 2023 giza lilitanda tena karibu nchi yote. Kwa upande mwingine, mtungi wa gesi nao una tabia ya kwisha saa tatu za usiku, maharagwe yakiwa nusu na maduka yamefungwa. Mwenye jiko la moto wa aina mbili hashindwi na lolote kati ya hayo mawili. Walakini kila moto una adabu zake, na asiyezijua hugeuza faida kuwa msiba.

Tuanze na gesi. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni, ambazo hukandamizwa zikawa maji ndani ya chuma. Lita moja ya maji hayo ikitoka nje hugeuka kuwa lita zaidi ya 200 za hewa inayoweza kuwaka. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa tuivutayo. Kwa hiyo ikivuja haipandi darini, bali hutambaa sakafuni kama maji na kujikusanya chini ya kabati na uvunguni mwa kitanda. Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu kali tunayoijua imetiwa kwa makusudi ili pua ya mwanadamu iwe mlinzi. Ikifika sehemu mbili tu katika kila sehemu 100 za hewa, cheche moja yatosha kuiwasha. Usiku wa Februari 1, 2024, mtaani Embakasi jijini Nairobi, gesi iliyovuja ililipuka, watu wakafariki na mamia wakajeruhiwa. Kile kilikuwa kituo cha kujazia mitungi, lakini kanuni iliyowaangamiza watu wale ndiyo hiyo hiyo inayotawala jikoni mwako na mwangu.

Na hapa ndipo mafahali wawili wanapoumana. Mpishi mwenye jiko la gesi pekee akinusa harufu ya kuvuja huliacha. Mpishi mwenye jiko la moto wa aina mbili hujiambia kwamba, madhali gesi ina hitilafu, afadhali leo apike kwa umeme. Fikira hiyo yaonekana ya busara, ilhali ndani yake mna mauti. Swichi ya umeme hutoa cheche ndogo inapowashwa, na hutoa nyingine inapozimwa. Penye harufu ya gesi haiguswi swichi yoyote, ya jiko wala ya taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watoto nje, nawe utoke uwafuate. Simu na ipigwe ukiwa mbali na nyumba. Jambo hili peke yake, likijulikana na kila anayepika, lingetosha kuhalalisha makala haya.

Njia ya kutafuta tundu ni rahisi. Koroga sabuni katika maji, paka povu kwenye maungio ya mtungi, regulaita na mpira, kisha fungua gesi pasipo kuwasha moto. Panapotokea mapovu yanayovimba ndipo inapovuja. Kutafuta kwa kiberiti ni kumtafuta chui kwa kumpapasa masharubu. Mpira nao huzeeka. Hukauka, hupasuka na huguguniwa na panya. Mingi imechapishwa tarehe ubavuni, na tarehe hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Usiupitishe nyuma ya oveni, maana joto la upande mmoja wa jiko huuchoma mpira unaoulisha upande wa pili. Mtungi na usimame wima daima, mahali penye hewa. Ukilazwa, kinachotoka chaweza kuwa maji ya gesi badala ya hewa yake, na moto utaruka kuliko ulivyotarajia.

Rangi ya moto ni lugha, na inafaa wanafunzi waisome. Moto wa buluu wasema kwamba gesi imepata hewa ya kutosha. Moto wa manjano wenye kutikisika wasema kwamba haijapata, na matokeo yake ni masizi pamoja na kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuswa. Aghalabu sababu ni uji na mchuzi uliofurika ukaziba vijitundu. Vifuniko vya moto vitolewe vikiwa vimepoa, visuguliwe kwa maji moto na sabuni, vijitundu vizibuliwe kwa waya laini, kisha vikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Kile kitundu kidogo cha katikati kinachopuliza gesi kisipanuliwe kwa msumari, kwani ukubwa wake umepimwa.

Kitundu hicho kina kisa kingine kinachowahusu wanaonunua majiko yaliyokwisha kutumika Uingereza. Huko nyumba nyingi hutumia gesi asilia inayokuja kwa mabomba. Gesi hiyo ni metheni, nayo huhitaji kitundu kikubwa kuliko gesi yetu ya mitungi. Jiko la namna hiyo likiunganishwa na mtungi bila fundi kubadilisha vitundu, hutoa ndimi ndefu za manjano, na mnunuzi akadhani ameuziwa jiko lenye nguvu. Aulize kabla ya kulipa: jiko hili lilitengenezewa gesi gani, na je, limegeuzwa?

Upande wa umeme una hesabu yake, nayo ni ile ile iliyo katika vitabu vya fizikia vya kidato. Umeme wa nyumbani ni volti 240. Plagi ya soketi ya kawaida ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha, utapata wati 3,120. Sasa chukua oveni ya wati 2,200 na bamba la wati 1,500. Jumla ni wati 3,700, yaani zaidi ya ampea 15. Soketi hiyo haiwezi kuvibeba vyote viwili kwa pamoja. Nimeona plagi zilizoyeyuka zikashikamana na ukuta, na wenyewe wakalilaumu jiko. Jiko la ukubwa huo lataka waya wake mnene na swichi yake kubwa, vikiwekwa na fundi wa umeme mwenye kibali. Nao waya wa ardhi usikatwe kwa hali yoyote. Ndio unaomwokoa mpishi siku umeme unapogusa bati la jiko.

Bamba la umeme hushikwa na kutu kwa sababu huoshwa likaachwa na maji. Lipanguse likiwa limepoa, liwashe kidogo likauke, kisha lipake mafuta membamba mara moja moja. Sufuria yenye kitako kilichobonyea haifai juu yake, kwani joto hupita pale chuma kinapogusana na chuma. Bamba pia lina sifa ya kutunza joto. Basi lizimwe kabla chakula hakijaiva kabisa, nalo litamalizia kazi bila malipo. Umeme ukikatika ukiwa unapika, rudisha vitufe vyote kwenye alama ya kuzima. Wengi hutoka kwenda zao, umeme ukarudi saa nane mchana na kukuta sufuria tupu na nyumba isiyo na mtu.

Ipi rahisi kwa mfuko, gesi au umeme? Bei hupanda na kushuka, lakini njia ya kukokotoa haibadiliki. Kilo moja ya gesi ina joto linalolingana na takriban uniti 12.8 za umeme. Kwa makadirio, nusu ya joto la gesi huingia sufuriani, na bamba la umeme hupitisha kama robo tatu. Basi kilo moja ya gesi hufanya kazi ya uniti nane na nusu za umeme hivi. Mwanafunzi na agawanye bei ya mtungi kwa kilo zake, azidishe bei ya uniti kwa nane na nusu, alinganishe. Kabla ya hapo mtungi upimwe kwa mizani. Uzito wa chuma kitupu umeandikwa juu yake. Uongezee kilo 6 au 13 za gesi. Ukipungua, umelipia upepo.

Najua watakaosema kwamba nazungumzia anasa. Watanikumbusha kuwa katika sensa ya 2019 zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa zikipikia kuni, takriban robo zilitumia gesi, na waliotegemea umeme hawakufika mmoja katika kila 100. Takwimu hizo nazikubali, lakini nazisoma kwa namna nyingine. Nyanya zetu walirithishana elimu ya mafiga matatu: namna ya kupanga kuni, upande wa upepo, kuni za mti gani hutoa moshi wa kuumiza macho. Elimu hiyo ilipokewa kwa kutazama, kutoka kwa mama hadi kwa binti. Anayehama leo kutoka kuni hadi gesi na umeme anaacha nyuma urithi wote huo na kufika mahali ambapo hakuna nyanya wa kumfundisha. Kadiri wahamaji wanavyoongezeka, ndivyo pengo linavyopanuka.

Mwuzaji angeweza kuliziba kwa kitabu cha maelezo. Lakini kitabu hicho huja kwa Kiingereza, na pengine kwa lugha nne au tano nyingine za mbali, Kiswahili kikiwa hakimo. Anayepika katika nyumba nyingi ni msichana wa kazi au mtoto aliyerudi kutoka shule, na ndiye asiyekisoma. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha rasmi. Kifungu cha 46 champa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Kwa maoni yangu, vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, jiko linalouzwa Kenya bila maelezo ya Kiswahili limeuzwa nusu.

Nasi walimu tuna fungu letu. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulikuja na Sayansi Kimu na kazi za mikono, na mtaala wa umilisi unaoshika nafasi yake umeahidi stadi za maisha. Ahadi hiyo ina mahali pa kuanzia. Mwalimu wa fizikia ana ampea na wati zake, wa kemia ana rangi za moto, na wa Kiswahili anaweza kuwataka wanafunzi waandike insha ya maelekezo kuhusu jiko la nyumbani kwao. Insha iliyo bora ibandikwe ukutani jikoni, imsaidie anayepika. Wavulana wasiachwe nje. Kiswahili chetu husema kwamba mwanamume aliyeoa amepata jiko. Usemi huo usimfanye adhani kwamba kujua mahali valvu ya mtungi ilipo si kazi yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira mpya wa gesi hugharimu fedha chache, na povu la sabuni halina gharama ya kutajwa. Nawaomba wenye maduka waagize maelezo ya Kiswahili, na wazazi wamwonyeshe kila aliye nyumbani, leo kabla ya chakula cha jioni, jinsi ya kuufunga mtungi na jinsi ya kuizima swichi kubwa ya jiko.