Siku Moja Iliyopungua

Siku moja ni kitu gani katika maisha ya mtu wa kazi? Jua huchwa kama lilivyochwa jana, mtu hulala, akaamka, akaishika tena zana yake. Lakini katika mchezo wa besiboli wa Marekani, siku moja iliwahi kupimwa ikaonekana sawa na mwaka mzima wa uhuru wa mtu. Habari hii yafaa isomwe na kila mfanyakazi, hata yule ambaye hajapata kuushika mpira wa mchezo huo, maana ndani yake mna swali analolijua vizuri: ni nani mwenye kalamu ya kuandika majina ya watu wa kazi, naye huiandika kwa haki ya nani?

Tuanze na mchezo wenyewe. Besiboli huchezwa na watu 9 kila upande, kwa vipindi 9. Mrushaji hurusha mpira, na mpigaji wa upande wa pili husimama na gongo akijaribu kuupiga. Ligi Kuu ya Marekani ina klabu 30, na kwa sehemu kubwa ya msimu kila klabu yaruhusiwa kuwa na wachezaji 26 tu katika orodha ya kazi. Nyuma yao iko orodha pana ya watu 40, na nyuma ya hiyo wako vijana wengi wa ligi ndogo, wanaosafiri kwa mabasi kutoka mji hadi mji wakingojea siku ya kuitwa. Nafasi 26 ni nafasi 26. Kila anayepandishwa, yuko anayeteremshwa. Kwa hiyo kazi ya kuchagua haiepukiki, wala hakuna meneja awezaye kumridhisha kila mtu.

Sasa tutazame sheria ya hesabu. Mchezaji hahesabiwi kwa miaka ya kalenda, bali kwa siku alizokaa katika Ligi Kuu. Siku 172 ni mwaka mmoja wa utumishi, ingawa msimu una siku 180 na kitu. Miaka yake ya kwanza, klabu humlipa kiasi ipendacho, mradi kisipungue kima cha chini. Akitimiza miaka 3 hivi, aweza kupeleka madai ya mshahara wake mbele ya wasuluhishi. Akitimiza miaka 6, awa mtu huru: achague klabu aitakayo na apatane nayo bei ya jasho lake. Kabla ya siku hiyo, yeye ni wa klabu iliyomwandikisha.

Mwaka 2015 klabu ya Chicago Cubs ilikuwa na kijana aitwaye Kris Bryant. Mwaka uliotangulia alikuwa amepiga mipira 43 nje ya uwanja katika ligi ndogo. Katika michezo ya maandalizi ya mwaka 2015 alipiga mingine 9, akawapita wote. Hata hivyo msimu ulipofunguliwa Aprili, jina lake halikuwamo katika orodha. Wakubwa wa klabu walisema kwamba kijana alihitaji kujinoa zaidi katika kuudaka mpira. Siku 12 zilipopita, akapandishwa. Mwisho wa msimu, hesabu yake ilisoma siku 171. Alipungukiwa na siku moja.

Kijana huyo alichaguliwa mchezaji mgeni bora wa ligi yake mwaka huo huo. Mwaka 2016 akachaguliwa mchezaji bora kabisa, na Chicago Cubs wakalitwaa taji ambalo hawakuwa wamelipata tangu mwaka 1908. Lakini siku ile moja ilibaki pale pale. Kwa ajili yake, uhuru wake ulisogea kutoka mwisho wa msimu wa 2020 hadi mwisho wa msimu wa 2021. Chama cha wachezaji kililipeleka shauri kwa msuluhishi, na uamuzi ukatoka mapema mwaka 2020: mchezaji ameshindwa. Kisha Julai 2021, katika mwaka ule ule ambao klabu iliupata kwa siku moja, ikambadilisha kwa vijana wa klabu ya San Francisco. Mwaka aliocheleweshwa ndio uliogeuzwa kuwa bidhaa ya kuuzia.

Wako watakaosema kwamba ilikuwa bahati tu, na kwamba kweli kijana alihitaji kujifunza kudaka. Mwenye kusema hivyo na akumbuke habari ya Seattle. Februari 2021 Kevin Mather, mkuu wa klabu ya Seattle Mariners, alizungumza mbele ya kundi la wenyeji, akaeleza waziwazi jinsi klabu yake ilivyowaweka vijana wake wazuri chini ili isije ikapoteza miaka ya kuwamiliki. Maneno hayo yalipotangazwa, alijiuzulu. Kosa lililomwondoa lilikuwa la kulisema kwa sauti jambo ambalo wengi walikuwa wakilishuku siku zote.

Lakini hatuna budi kuwa waadilifu katika hukumu. Si kila kijana anayebakizwa chini anadhulumiwa. Wako waliopandishwa mapema mno, wakavunjika moyo, wasiinuke tena. Meneja mwema humngojea mwanafunzi aive, kama fundi asivyompa mwanagenzi chombo cha thamani siku ya kwanza. Ubaya wa sheria ile ulikuwa huu: iliuwezesha uchoyo kuvaa joho la busara, hata mtu wa nje asiweze kupambanua kipi ni kipi.

Tukiwaacha vijana, tuwatazame warushaji wa akiba. Siku hizi mrushaji anayeanza mchezo mara nyingi huondoka baada ya vipindi 5 au 6, na vilivyosalia hugawanywa kwa watu watatu au wanne wanaongojea kando ya uwanja. Kazi yao ni ya ghafla: mwito waja, mtu anyoosha mkono, aingia palipo na moto. Mkono wa mwanadamu una mpaka wake, na aliyerusha sana leo hafai kesho. Basi klabu zikapata hila. Mrushaji aliyechoka, kama bado ana kibali cha kuteremshwa, hupelekwa ligi ndogo ingawa amefanya kazi nzuri, na mwingine mwenye mkono mpya hupandishwa. Baada ya siku chache huitwa tena.

Mfano ni Louis Head, aliyeandikishwa mwaka 1 wa safari yake, 2012, akasota katika ligi ndogo mpaka alipopata kuingia Ligi Kuu Aprili 2021 akiwa na umri wa miaka 31. Msimu huo klabu ya Tampa Bay ilishinda michezo 100, naye akiwa miongoni mwa waliorusha vyema. Hata hivyo alipandishwa na kushushwa mara nyingi hata watu wakalitumia jina lake kuuelezea mtindo huo. Tusidhani kuwa ni usumbufu wa safari tu. Kwa kima cha chini cha mwaka 2022, mchezaji aliye juu alipata karibu dola 3,800 kwa siku; aliye chini kwa mkataba wake wa kwanza katika orodha ya watu 40 alipata kama dola 300. Na kila siku ya kuwa chini yaweza kumkosesha siku ya utumishi. Amechoka kwa kuitumikia klabu, na malipo ya uchovu wake ni kupunguziwa.

Kundi la tatu ni wakongwe. Miguu imekuwa mizito, vijana wabisha hodi, na mshahara wao ni mkubwa. Hapa twakuta ulinzi ambao kijana na mrushaji wa akiba hawanao. Mchezaji mwenye miaka 5 ya utumishi hawezi kuteremshwa ligi ndogo bila ridhaa yake. Mwenye miaka 10, na 5 ya mwisho akiwa katika klabu moja, aweza kukataa kubadilishwa kwa klabu nyingine. Mwaka 1973 Ron Santo wa Chicago Cubs alikuwa wa kwanza kuitumia haki hiyo, alipokataa kupelekwa California.

Haki hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Oktoba 1969 Curt Flood, Mmarekani mweusi aliyeichezea klabu ya St. Louis kwa misimu 12, aliambiwa kwamba amebadilishwa kwenda Philadelphia. Siku hizo mkataba ulimfunga mchezaji kwa klabu yake maisha yote ya uchezaji wake. Flood alikataa, akimwandikia mkuu wa mchezo kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Aliusamehe mshahara wa mwaka 1970, akaenda mahakamani, na mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ikamshinda kwa majaji 5 dhidi ya 3. Alipoteza kazi yake katika shauri lililowafaa waliomfuata.

Lakini nyuma yake palikuwa na chama. Tangu mwaka 1966 wachezaji walikuwa wameongozwa na Marvin Miller, aliyetoka katika chama cha wafanyakazi wa chuma. Mkataba wa pamoja wa kwanza, wa mwaka 1968, uliinua kima cha chini cha mshahara kutoka dola 6,000 hadi dola 10,000. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba klabu haiwezi kumfunga mchezaji milele, na mlango ambao Flood aliugonga kwa mikono mitupu ukafunguka. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ndivyo ilivyokuwa tena katika siku zetu. Desemba 2021 wenye klabu waliwafungia wachezaji milango ya kazi kwa siku 99. Mkataba uliopatikana Machi 2022 uliyagusa majeraha tuliyoyataja. Mchezaji hawezi tena kuteremshwa zaidi ya mara 5 katika msimu mmoja bila klabu kuhatarisha kumpoteza. Na mgeni anayetokea wa kwanza au wa pili katika kura ya wageni bora hupewa mwaka kamili wa utumishi, hata kama alicheleweshwa kupandishwa. Adley Rutschman wa Baltimore, aliyeitwa Mei 2022, alitokea wa pili, akahesabiwa mwaka mzima.

Hata vijana wa ligi ndogo, waliokuwa hawana msemaji, waliingia katika chama Septemba 2022. Mkataba wao wa kwanza ulipatikana Machi 2023. Mshahara wa mwaka wa ngazi ya chini kabisa ulipanda kutoka dola 4,800 hadi dola 19,800, na wa ngazi ya juu kutoka dola 17,500 hadi dola 35,800. Miongo mingi vijana hao waliambiwa kwamba njaa ni sehemu ya mafunzo. Ilichukua miezi 6 ya kukaa mezani kama kundi moja kuonyesha kwamba haikuwa hivyo.

Hatusemi kwamba kalamu imenyang'anywa mikononi mwa mwenye klabu. Bado ndiye anayeandika majina 26, na yafaa awepo mtu wa kuyaandika. Klabu itamwacha mkongwe aliyechoka, itamngojesha kijana asiyeiva, itamteremsha mrushaji ambaye mkono wake umekwisha nguvu. Hayo ni maumbile ya kazi. Lakini pale ambapo zamani kulikuwa na neno la mkubwa peke yake, sasa kuna hesabu iliyoandikwa na pande mbili, na mtu aweza kuisoma, akaonyesha kwa kidole mahali ilipopotoshwa.

Kris Bryant aliisoma, akaonyesha kwa kidole, akashindwa. Miaka miwili baada ya kushindwa kwake, sheria ilibadilishwa, na kijana mwingine asiyemjua akaupata mwaka aliounyimwa yeye. Mwenye kupanda si lazima awe ndiye mwenye kuvuna. Kazi ya umoja ni kuhakikisha kwamba shamba halibaki pori, na kwamba kila siku ya jasho la mtu, hata iwe moja, imeandikwa mahali pake.