Mzee, Dawa ya Shinikizo la Damu na Hatari ya Kuanguka

Mzee anapoanguka nyumbani, jamaa husema ni uzee. Hata hivyo, mara nyingine chanzo kimo pia katika namna anavyotumia dawa zake. Utafiti uliofanywa katika Wilaya ya Hai, jirani na Moshi, ulionyesha kuwa takriban watu 7 kati ya 10 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na shinikizo la juu la damu. Kwa wazee waishio katika vihamba vya mlimani, penye miteremko, mifereji na utelezi wa masika, kizunguzungu cha nukta chache chatosha kuvunja nyonga.

Mtu asimamapo, damu huvutwa kuelekea miguuni. Mishipa hujibana na moyo huongeza mapigo ili ubongo usikose damu. Uzeeni mwitikio huo hupungua, na baadhi ya dawa za shinikizo huudhoofisha zaidi.

Hatari huongezeka dawa zinapotumiwa kwa kurukaruka. Vidonge vimekwisha, nauli ya kushuka mjini haijapatikana, au mzee amejisikia nafuu, basi huacha. Siku ya kliniki kipimo huwa juu. Mhudumu asiyejua kwamba dawa ziliachwa hudhani hazitoshi, akaongeza nyingine. Mzee akirudi nyumbani na kuzimeza zote kama alivyoelekezwa, shinikizo huweza kushuka kupita kiasi, naye akaanguka. Familia huilaumu dawa, na mzee huiacha tena. Kuacha hakumwokoi: shinikizo hupanda kimyakimya na kuweza kuleta kiharusi.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya, kabla ya kuongeza dawa uliza bila lawama: "Bibi, juma hili ni siku ngapi hukupata kumeza dawa?" Omba aje na dawa zote anazotumia, za usingizi na za mitishamba zikiwamo. Mpime akiwa amelala kwa dakika 5, kisha akiwa amesimama, baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi, au cha chini kwa 10 au zaidi, matibabu yake yapitiwe upya.

Nawe mzee wetu, usimeze vidonge viwili kufidia ulichosahau, wala usiache dawa bila kumwambia mhudumu. Uamkapo, keti kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha simama taratibu huku umeshika kitu imara. Ikiwa una dawa ya kuongeza mkojo, uliza kama yafaa kuimeza asubuhi, usije ukatoka gizani kwenda chooni. Pombe, mbege ikiwamo, huzidisha kizunguzungu.

Ukianguka, au ukikaribia kuanguka, sema kliniki. Wengi huficha wakihofia kuzuiwa kwenda shambani. Lakini habari hiyo ndiyo humwezesha mhudumu kurekebisha dawa kabla mfupa haujavunjika.