Silabi si Mofimu: Mfano wa Neno Refu la Kiingereza

Wanafunzi wetu wengi wa mwaka wa kwanza wakiulizwa mofimu za neno, hutaja silabi zake, na hapo ndipo alama zinapopotea. Ili kuionyesha tofauti hiyo, tulitazame neno la Kiingereza lenye herufi 28: antidisestablishmentarianism. Ni jina la msimamo wa waliopinga Kanisa la Uingereza kuondolewa hadhi ya kuwa kanisa rasmi la dola, suala lililojadiliwa sana katika karne ya 19.

Tukilitamka, tunapata silabi 12: an-ti-dis-es-tab-lish-men-tar-i-an-is-m. Silabi ya mwisho haina irabu. Ni m peke yake, kama ile ya m-tu.

Tukilichambua kwa kufuata maana, tunapata mofimu 6: anti-dis-establish-ment-arian-ism. Kiini ni establish, yaani kuweka rasmi. Dis hutengua, anti hupinga, ment huunda nomino, arian humtaja mfuasi, na ism hutaja itikadi.

Sasa tuangalie t iliyo katikati. Kimofimu ni ya ment, lakini katika matamshi imehamia silabi ya tar. Ndivyo ilivyo pia katika neno letu tunasoma: silabi ni tu-na-so-ma, mofimu ni tu-na-som-a. Idadi ni 4 pande zote mbili, ila mipaka inatofautiana.

Kwa hiyo, silabi tunazitambua kwa matamshi, mofimu kwa maana na kazi yake. Kabla ya kulikata neno, tusome kwanza mtahini ameuliza lipi.