Msafisha Madirisha Wako Anapokukabidhi kwa Mwingine

Ni Jumamosi asubuhi, geti linagongwa. Badala ya kijana aliyekuwa akifuta vioo vyako tangu mwaka juzi, amesimama mtu usiyemfahamu, mwenye ngazi ileile na ndoo ileile. "Shikamoo mama," asema, "nimeachiwa njia na kaka. Yeye amekwenda kwao kulima, atarudi mwezi wa sita." Aghalabu mlaji hapo hufanya moja kati ya mambo mawili: humrudisha mgeni huyo alikotoka, au humfungulia pasipo kuuliza lolote. La kwanza humnyima huduma ambayo pengine amekwisha kuilipia. La pili humwingiza katika makubaliano ambayo hakuyasikia yakifanywa.

Viungani mwa jiji, kuanzia Tegeta na Bunju hadi Mbagala na Chamazi, nyumba zenye madirisha mapana ya aluminiamu zimekuwa nyingi, na vumbi la barabara zisizo na lami halijapungua. Hivyo wapo wasafishaji wanaojitegemea, wanawake kwa wanaume, wenye wateja wao wa kudumu: nyumba kadhaa, frem za maduka mawili matatu, pengine na ofisi ndogo. Msafishaji wa namna hii hana mwajiri wala likizo ya malipo. Akiugua, akifiwa, akijifungua, au msimu wa kilimo ukimwita kijijini, kipato chake husimama siku ileile. Mali yake kubwa ni orodha ya watu waliomzoea, wala si ngazi. Orodha hiyo, ambayo katika makala haya tutaiita njia, ndiyo anayomkodishia mwenzake ili asirudi na kukuta kila geti lina mtu mwingine.

Utaratibu wenyewe si mgeni kwa mkazi wa Dar es Salaam. Dereva wa daladala au bodaboda anapopumzika humwachia chombo deiwaka, naye deiwaka hurejesha hesabu jioni. Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa. Bodaboda ni chombo, na jioni chaweza kukaguliwa kama kina mkwaruzo. Mteja si chombo. Hakodishwi, na hakuna maandishi baina ya wasafishaji wawili yanayoweza kumlazimisha kumpokea asiyemtaka. Kinachokodishwa kwa hakika ni utambulisho pamoja na ahadi ya kutokuuvuruga.

Nani anawajibika kwako

Makubaliano yako ya awali uliyafanya na mwenye njia, hata kama yalifanywa kwa mdomo mbele ya geti. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya hiari baina ya watu wenye uwezo wa kisheria, yenye malipo na lengo halali, ni mkataba; si lazima yawe yameandikwa, ingawa yasiyoandikwa ni magumu kuyathibitisha. Mwenye njia akimtuma mtu mwingine aitekeleze ahadi yake, ahadi hubaki kuwa yake. Kioo kikivunjika, wavu wa mbu ukichanika, au kazi uliyoilipia mapema isipofanyika, una haki ya kumdai yeye, naye atajuana na deiwaka wake.

Hali hubadilika ukikubali mwenyewe kuanza upya na yule mgeni: mkapanga bei mpya, siku mpya, na malipo yakaenda kwenye simu yake. Hapo waweza kuwa umefunga mkataba wa pili na kumfungua mwenye njia kutoka katika ule wa kwanza, pasipo kukusudia. Kwa hiyo, kabla ya ngazi kuegemezwa ukutani, mpigie simu mwenye njia kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, wala si kwa namba utakayopewa na mgeni. Muulize mambo manne: anarudi lini, bei ni ileile au imebadilika, fedha zitumwe kwa nani, na kitu kikiharibika umpigie nani. Simu ya dakika tatu yatosha. Asipopatikana, si utovu wa adabu kumwambia mgeni arudi Jumamosi ijayo.

Suala la fedha lahitaji neno la ziada. Malipo kwa simu huonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha; lisome. Ikiwa mmekubaliana kuwa fedha zinakwenda kwa mwenye njia, usimpe deiwaka taslimu "kwa leo tu", kwa kuwa mwisho wa mwezi huenda ukaombwa kulipa tena, na hutakuwa na cha kuonyesha. Ulipaji wa miezi mitatu kwa mkupuo, hata ukipunguziwa bei, hatuushauri katika kipindi ambacho mtu uliyemzoea hayupo.

Funguo, saa na namba za simu

Msafisha madirisha hujua mengi kuhusu nyumba. Anajua dirisha lipi halifungi sawasawa, saa ngapi watoto wako peke yao na dada wa kazi, na chumba kipi kina kompyuta. Nchini Scotland kazi hii huhitaji leseni chini ya sheria ya mwaka 1982. Apandaye ngazi hadi dirisha la ghorofani huona ndani. Kwetu leseni ya namna hiyo haipo, na tahadhari imebaki mikononi mwa mwenye nyumba.

Ikiwa ulimwachia mwenye njia ufunguo, uombe urudishwe kwako, kisha uamue mwenyewe kama utampa deiwaka. Ufunguo usipite mkono kwa mkono nje ya macho yako. Mara ya kwanza mwenye njia amlete mwenzake na kumtambulisha ana kwa ana. Asipoweza, dai jina kamili na kitambulisho, na umjulishe mjumbe wako ikiwa bado una shaka.

Orodha yenye majina, namba za simu na maelekezo ya nyumba ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zitumike kwa lengo lililozikusanyia. Ulimpa kijana wako namba ili akujulishe siku ya kuja, si ili izunguke katika makundi ya simu ya watu wanaotafuta vibarua. Mwenye njia aliye makini huwauliza wateja kwanza, kisha humkabidhi deiwaka namba za wale tu waliokubali. Ujumbe kama huu unatosha:

"Habari za leo. Kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Mei nitakuwa nje ya Dar es Salaam. Kwa muda huo naomba kazi ya madirisha ifanywe na mwenzangu, ambaye nitamleta Jumamosi mfahamiane. Bei ni ileile. Malipo yaendelee kuja kwenye namba yangu. Kitu kikiharibika nipigie mimi. Usipopenda, nijulishe nisimpe namba yako. Nitakuja mwenyewe nikirudi."

Kwa wenye njia na wanaozichukua

Baadhi ya wasomaji wetu ni wasafishaji wenyewe, na upande wao una jambo ambalo mlaji halioni lakini humfikia: kiwango cha hesabu. Tuchukue mfano. Njia ina nyumba 24, kila nyumba husafishwa mara mbili kwa mwezi kwa shilingi 10,000. Mapato ni shilingi 480,000. Sabuni, nauli na matengenezo ya vifaa tuseme ni 120,000. Mwenye njia anataka hesabu ya 120,000 kila mwezi, na deiwaka anabaki na 240,000. Hakuna anayelalamika.

Kisha masika yanaingia. Hakuna anayeita mtu kufuta vioo ilhali mvua itanyesha jioni, na safari zinapungua kwa nusu. Mapato ni 240,000, gharama 60,000, hesabu ni ileile 120,000. Deiwaka aliyefanya kazi mwezi mzima amebaki na 60,000. Hapo ndipo sabuni inapoongezwa maji, nyumba ya mwisho inafutwa juu juu, na mteja anaanza kunong'onezwa: "Mama, wewe nilipe mimi moja kwa moja, nitakupunguzia." Kama wangekubaliana robo ya mapato badala ya kiasi kisichobadilika, mwezi mzuri mwenye njia angepata 120,000 ileile, na mwezi wa mvua angepata 60,000, deiwaka akabaki na 120,000. Mgawanyo wa namna hii una udhia wake, kwani unahitaji daftari na uaminifu. Lakini kwa maoni yetu ndio unaomlinda zaidi mteja, kwa sababu haumpi deiwaka njaa ya kumfanya alegeze kazi.

Je, deiwaka aweza kuzuiwa kuwachukua wateja? Kwa kiasi. Sheria ya Mikataba haiyapendelei makubaliano yanayomzuia mtu kufanya kazi halali, kwa hiyo sharti kwamba "hatasafisha madirisha popote Kinondoni maisha yake yote" halitafika mbali. Ahadi finyu, kwamba kwa muda wa makubaliano hatajipatia malipo ya pembeni kutoka nyumba zilizoorodheshwa na kwamba mwishoni atarejesha orodha na funguo zote, ina nafasi bora zaidi ya kusimama. Iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, nakala mbili, na shahidi mmoja kutoka kila upande. Iseme pia nani atalipia kioo kilichovunjika na nani atagharimia matibabu mtu akianguka kutoka kwenye ngazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliwekwa kwa ajili ya walioajiriwa. Anayejifanyia kazi kwa hesabu asiutegemee.

Mlaji, kwa upande wake, hafungwi na ahadi hizo. Akimpenda deiwaka kuliko mwenye njia, ana haki ya kuchagua, na hakuna mwenye haki ya kumtisha. Tunachomwomba ni asimchague kwa siri: amalize deni lake kwa wa kwanza, amjulishe kwa mdomo wake mwenyewe, kisha apatane upya na wa pili. Naye deiwaka anayejitangaza kuwa ndiye mwenye njia aliyezoeleka, au kwamba mwenzake ameacha kazi ilhali sivyo, anampotosha mlaji, jambo linalokatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Mgogoro ukitokea

Anza na mwenye njia. Piga picha ya kilichoharibika siku hiyohiyo, na utunze ujumbe wa malipo. Mengi ya mashauri haya ni ya wavu wa shilingi elfu chache, na humalizwa ofisi ya serikali ya mtaa pande zote zikiwa zimekaa kwenye benchi moja. Yasipomalizika, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya deni linalotokana na mkataba. Huendeshwa kwa Kiswahili, na hulazimiki kuwa na wakili. Nenda na tarehe, kiasi, jina la mtu uliyepatana naye hapo mwanzo, na kile kikaratasi au ujumbe unaoonyesha fedha zilikwenda kwa nani.

Mwenye njia akirejea, mpe dakika chache kabla hajapanda ngazi. Kagueni pamoja madirisha yote, hesabuni funguo, mwambie kazi ilikuwaje alipokuwa hayupo, na kama ulilipa chochote kwa mkono, kitaje siku hiyo.