Unataka kuchora sura? Anza kwa kugezea!

Shuleni ukimkopi jirani yako kwenye mtihani, umekwisha. Lakini kwenye uchoraji wa sura kwa rangi za mafuta, mambo ni kinyume: asiyekopi ndiye anayefeli!

Huamini? Mcheki Vincent van Gogh. Mwaka 1879 kibarua chake cha kuwahubiria wachimba makaa ya mawe kule Ubelgiji kiliota nyasi. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 27, hana kazi wala mshiko, aliamua kuwa mchoraji. Akatafuta michoro ya mafunzo ya Mfaransa Charles Bargue, akaketi akaikopi mmoja baada ya mwingine. Na mwaka 1890, tayari kashapaka mamia ya picha, aliomba aletewe tena michoro ile ile aikopi upya. Sembuse wewe?

Haya, twende kazi. Tafuta nakala nzuri ya picha ya Gabrielle Cot, iliyochorwa mwaka 1890 na William Bouguereau. Mzee huyo alifariki 1905, hivyo hakuna wa kukudai.

Kwanza, piga viboksi kwenye nakala na kwenye turubai lako, upate vipimo. Ukimaliza kuchora, pindua vyote juu chini. Pua iliyokwenda kombo itajionyesha yenyewe.

Pili, usikimbilie rangi! Paka sura nzima kwa kahawia na nyeupe tu, ukizimua kwa tapentaini, madirisha wazi. Fumba macho nusu, uone mwanga uko wapi na kivuli kiko wapi. Hapo ndipo sura inapozaliwa. Halafu iache ikauke.

Tatu, sasa rangi. Tabaka la chini liwe na mafuta kidogo, la juu lizidi. Ukigeuza, la juu litakauka kabla ya la chini, na mrembo wako atapasuka uso kama ukuta wa udongo.

Angalizo: vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike kwenye kona. Vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe! Vitandaze nje vikauke.

Ukimaliza, weka jina lako na uandike kwamba ni nakala. Ukitia saini ya Bouguereau ukauza kama yake, huo si usanii tena, ni utapeli. Hata jumba la Louvre, Paris, huruhusu watu wakopi picha zake, lakini kwa sharti kwamba nakala isilingane kwa ukubwa na picha halisi.

Halafu ndipo mtihani wenyewe unapokuja. Mkalishe bibi yako karibu na dirisha, umchore. Zile rangi za Gabrielle hazitakufaa. Ukitumia nyeupe nyingi, bibi atapauka kama kapakwa majivu; ukikoleza vivuli kwa nyeusi tupu, uso utakufa. Changanya kahawia, nyekundu na buluu, halafu tazama mwanga unavyotua kwenye paji la uso na shavuni.

Maana kumbe ulichokuwa unakopi siku zote hizo hakikuwa ngozi ya binti wa Kifaransa. Ulikuwa unajifunza kutazama. Na bibi hatakaa kwenye kigoda hicho milele, kwa hiyo usichelewe.