Kwa Baiskeli Kutoka Mji wa Kale Mpaka Rabai

Katika nchi ya Ufaransa iko desturi ambayo mgeni wa kwetu akiiona mara ya kwanza huenda akastaajabu. Siku ya mapumziko watu wazima, wake kwa waume, huziacha motokaa zao nyumbani wakapanda baiskeli na kupita mashambani tangu asubuhi mpaka jioni, mlima na bonde, kijiji hata kijiji. Hawapeleki kitu sokoni wala hawaendi kazini. Wakifika penye kanisa la kale au ngome hushuka, wakatazama, wakanywa maji, kisha wakaendelea. Mashindano makubwa ya baiskeli ya nchi hiyo, yaitwayo Tour de France, yalianza mwaka 1903, nayo hupita katika barabara nyingi za namna hiyo.

Kwetu sisi baiskeli ni mtumishi. Hubeba mkate, maji, madafu, makaa, hata mgonjwa. Na mtu akionekana juu ya baiskeli pasipo mzigo huulizwa amepatwa na nini. Walakini Chris Froome, aliyeyashinda mashindano hayo ya Ufaransa mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi, na alijifunza mbio za baiskeli pamoja na vijana wa David Kinjah huko Kikuyu. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika Afrika. Kwa hiyo jambo hili si geni kama tunavyodhani. Na mtu wa Mombasa hana haja ya kuvuka bahari ili apate vilima na vijiji vya kale, kwa kuwa viko mwendo wa saa mbili tu kutoka mlangoni pake. Lakini njia ya kuvifikia ina hatari zake, na hizo yapasa zielezwe wazi.

Mimi nilianza safari yangu kabla ya jua kuchomoza, mbele ya Ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Katika Ndia Kuu nilikwenda kwa miguu huku nikiikokota baiskeli. Vichochoro vya Mji wa Kale havikujengwa kwa ajili ya mwendo wa haraka, na si adabu kumpigia kengele mzee atokaye msikitini. Baadaye nilipanda, nikapita Mwembe Tayari, ambapo yasemekana misafara ya bara ilikuwa ikikusanyika, nikafika Makupa. Hapo tangu mwaka 2022 liko daraja, mahali pa ile njia ya kale ya kujazwa udongo iliyoyazuia maji ya bahari yasipite. Sasa maji hupita chini, na mwenye baiskeli akisimama kidogo huyaona. Mwenye gari hana nafasi hiyo.

Baada ya Makupa huja Changamwe, kisha Jomvu. Abiria wa matatu huyasikia majina haya akayadhani kuwa ni vituo tu. Kumbe ni majina ya watu. Waswahili wa Mombasa wamegawanyika tangu zamani katika mataifa kumi na mawili: Thalatha Taifa, ndio Wachangamwe, Wakilindini na Watangana, na Tisa Taifa, ambao miongoni mwao wamo Wajomvu, Wamtwapa na Wakilifi. Mtu akienda kwa baiskeli polepole hupita katika historia hiyo kama anayesoma kitabu, ukurasa mmoja baada ya mwingine.

Kusoma huko, hata hivyo, kwataka macho manne, kwa sababu barabara hii ndiyo ya malori yatokayo bandari ya Kilindini kwenda Nairobi, Uganda, Rwanda na Kongo. Imepanuliwa kutoka Changamwe mpaka Kwa Jomvu, lakini lori halikupungua ukubwa. Mambo mawili humwua mwenye baiskeli asiyeyajua. La kwanza ni upepo. Lori likija kwa kasi husukuma hewa mbele yake, nawe husukumwa nje ya barabara. Likisha pita, hewa hurudi nyuma yake kujaza nafasi, nawe huvutwa ndani. Mtu akishtuka kwa ule msukumo wa kwanza akakata usukani upande wa barabara, huvutwa moja kwa moja chini ya tela. Basi lisikiapo sikio lori, shika usukani kwa mikono miwili, usiukaze kupita kiasi, wala usigeuke kutazama nyuma. La pili ni kona. Lori refu likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele, bali hukata ndani zaidi. Kwa ajili hiyo usisimame kamwe ubavuni mwa lori, upande wa kushoto, penye njia panda. Dereva hakuoni, na nafasi uliyosimama haitakuwapo tena lori likianza kugeuka. Kama moyo wako hautaki mashaka hayo, mwombe utingo wa matatu akufungie baiskeli juu ya gari mpaka Mazeras. Si aibu.

Kutoka Miritini nchi huanza kuinuka. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wakilaumu miguu yao, na kumbe kosa ni la meno. Chukua baiskeli ya kawaida ya chuma, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu huzunguka karibu mara mbili na nusu, na baiskeli husogea mita 5 na zaidi. Katika tambarare ni faida, lakini penye mlima ni sawa na kumlazimisha mtu apande ngazi kwa kuruka vidato vitatu vitatu. Baiskeli yenye gia humruhusu mwendeshaji kuchagua, mathalani, meno 34 mbele na 32 nyuma. Hapo mzunguko mmoja humsogeza kiasi cha mita 2 na robo tu, naye hupanda kidogo kidogo bila kukatika pumzi. Asiye na gia ashuke, asukume. Kumbuka pia kwamba baiskeli ya mashindano kwa sheria yaweza kuwa na uzito wa kilo 6.8 tu, na hii yetu ya mizigo hufika kilo 20 kabla ya kufungiwa kitu.

Pale Mazeras tunaiacha barabara kuu na kushika mkono wa kulia, njia ya Kaloleni. Ghafula kelele hukoma. Minazi, miembe na mikorosho imesimama pande zote mbili, barabara hupanda na kushuka, na watoto huamkia. Baada ya kilomita chache ni Rabai.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanzisha misheni yao hapa Rabai. Kutoka kijiji hiki Rebmann alikwenda kwa miguu akauona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona mlima Kenya mwaka 1849. Habari zao za theluji karibu na mstari wa ikweta zilipofika Ulaya, wataalamu wengine walizicheka. Rebmann aliondoka mwaka 1875 hali macho yake yamekwisha kufa. Kanisa la zamani sasa ni makumbusho. Lakini Rabai haikuanza na wageni hao. Kaya za Warabai zilikuwapo kabla yao, na mwaka 2008 ziliingizwa pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kaya haiingiwi bila ruhusa ya wazee. Mgeni na aulize kwanza.

Nilipokuwa nikirudi, nilimkuta mzee mmoja juu ya mteremko wa Mazeras, baiskeli yake imefunikwa na madafu hata haionekani. Alikuwa akiikokota, naye amejiegemeza nyuma kuizuia.

“Shikamoo, mzee. Mbona wateremka kwa miguu?”

“Marahaba, mwanangu. Breki zangu ni nzima, lakini madafu hayana breki.”

Nilicheka, nikampita. Nusu ya mteremko haikufika nikaona ukweli wa maneno yake. Baiskeli ilishika kasi, nikakamata breki, mipira ikalia juu ya rimu, mwendo usipungue. Mbele yangu lilikuwapo lori likienda polepole. Nilitoka kando katika mchanga, nikaanguka, nikachubuka kiwiko. Lingekuwa ni shimo, nisingeandika habari hii. Baadaye nilipata kuelewa. Kasi ikiwa maradufu, masafa ya kusimama huwa mara nne, si mara mbili. Tena breki za baiskeli ya chuma hazifai kungojewa mpaka hatari ionekane. Yapasa kuzikamata tangu juu ya mteremko, ya nyuma kwanza kisha ya mbele kwa upole, kuachia na kukamata tena. Mipira iliyoisha hubadilishwa kabla ya safari, na bei yake ni ndogo.

Nilikuwa bado nafuta mchanga mzee aliponifikia. Hakusema neno. Alichagua dafu moja, akalifungua kwa panga, akanipa.

Kitu kimoja zaidi kwa atakayekwenda kati ya Aprili na Septemba. Wakati huo huvuma Kusi, nayo humsukuma mtu mgongoni akielekea Rabai, hata akajiona shujaa. Wakati wa kurudi humpiga usoni njia yote. Basi weka akiba ya nguvu na maji, na uanze kurudi mapema ili Makupa uivuke kungali na mwanga.