Nilipoikata Suruali ya Suti ya Mume Wangu

Mpenzi msomaji, kabla sijakufundisha chochote naomba nikiri. Niliikata suruali ya suti ya mume wangu bila kumwomba. Tena si ya shambani, la hasha! Ni ile ya bluu iliyokoza, ya ofisini, ambayo tangu apunguzwe kazi Dar tukarudi kwao hapa Kinyangiri, ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango pamoja na koti lake.

Najua wapo watakaouliza, si ungenunua sketi tu? Haya, kwa hela ipi? Ilikuwa Januari, alizeti ndiyo kwanza inachipua, shule inafunguliwa wiki inayofuata na binti yetu wa darasa la nne sketi yake imeshapanda juu ya magoti. Mafundi nao Januari hawashikiki. Sio siri, tulikuwa tumefulia.

Kilichoniokoa ni cherehani ya mkono ya mama mkwe, iliyokaa chini ya kitanda chake tangu macho yalipoanza kumsumbua. Mimi nilikuwa siwezi hata kushona kifungo kikatulia. "Mwanangu, usianze na nguo ya kuvaa, utalia," akaniambia. "Anza na foronya."

Basi na wewe anzia hapo. Chukua shati kuukuu lenye vifungo, lililochakaa kola na viwiko lakini kifua na mgongo bado vizima. Lifue, lipige pasi, kisha liinue dirishani. Panapopitisha mwanga kama chujio pamekwisha, usipahesabu. Ligeuze ndani nje, funga vifungo vyote, chora kwa chaki mstatili kuanzia chini ya makwapa hadi karibu na pindo, ukate mbele na nyuma kwa pamoja. Piga bandi kwa mkono kwanza, halafu shona pande zote nne. Ndiyo, zote nne! Ukimaliza fungua vifungo, igeuze kupitia hapo, na mto utaingilia hapo hapo. Hakuna zipu wala tundu la kifungo la kukutoa jasho. Yangu ya kwanza ilitoka imepinda vibaya sana, lakini nani anakagua mto?

Kama nyumbani huna shati la kukata, mitumba bado ipo. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia mwaka 2016 kwamba iondolewe taratibu hadi 2019, lakini mnadani bado inamwagwa. Tafuta shati la kiume pana kupita kiasi, lile ambalo kila mtu analiruka. Wewe hununui shati, unanunua kitambaa.

Cherehani ya mkono watu wanaidharau, kumbe kwa mwanafunzi ni bomba. Inakwenda kwa kasi ya mkono wako, haikukimbii. Uzi ukijikusanya chini ya kitambaa kama kiota, usikimbilie kulaumu bobini. Mara nyingi ni uzi wa juu haukupita sawasawa. Inua mguu wa cherehani, uchomoe uzi wote, uupitishe upya. Na sindano zina namba: 90 kwa vitambaa vya kawaida, 100 kwa jinzi. Mimi nilivunja mbili kwenye pindo la jinzi ndipo nikajua.

Sasa hiyo suruali. Nilifumua kwa wembe mishono ya ndani ya miguu, polepole, uzi kwa uzi, nikaikata chini ya kiuno. Kila mguu ukafunguka kuwa kipande kimoja kipana: mmoja mbele ya sketi, mwingine nyuma. Siri yenyewe ni kuvipindua. Pale paja lilipokuwa ndiyo pindo la sketi, na kule chini kwembamba ndiko kiuno. Kitambaa kikiwa kimeng'aa kwa nje, tumia upande wa ndani, mara nyingi haujapauka. Acha sentimita 2 za mshono kila upande, 4 juu za kupitisha lastiki, na pindo mwachie mtoto 6, mwakani utamteremshia.

Binti akavaa, akazunguka ukumbini kama pia. Baba yake akaingia.

Hakupiga kelele. Alitazama sketi, akatazama nyuma ya mlango. "Ile nilikuwa naiweka ya usaili," akasema, akatoka.

Siku nne hatukuongea zaidi ya "chakula tayari". Na mimi nilikuwa na hasira zangu, nisikufiche. Usaili gani, na wapi? Lakini usiku nikilala nilijua. Nilikuwa nimemkatia njia yake ya kurudi Dar.

Siku ya tano mama mkwe akaniita jikoni. Akaniambia mume wangu alianza darasa la kwanza mwaka 1983, madukani hakuna kitu, nchi nzima walanguzi wanasakwa. Mitumba nayo ilikuwa bado haijafurika, ilikuja kufurika biashara ilipoanza kulegezwa kuanzia 1984. Baba mkwe alikuwa na suruali moja tu ya kanisani. Kaptura ya shule ya mume wangu ilitoka kwenye suruali hiyo, kwa cherehani hii hii, na mzee akaenda kanisani na kaptura mpaka mavuno.

"Alikasirika?" nikauliza.

"Akasirike nini? Yeye ndiye aliyeivua akaniwekea mezani."

Nilinyamaza, maana hapo ndipo tulipoachana mimi na yeye. Mwenzangu aliletewa, mimi nilijichukulia.

Usiku ule nikamwomba mume wangu msamaha. Si wa sketi, sketi imetulia na anaivaa hadi leo. Wa kutomuuliza.

"Ungeniuliza ningekataa," akasema.

"Ndiyo maana sikuuliza."

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Koti bado limetundikwa nyuma ya mlango, na mimi sijaligusa. Juzi nilimkuta amelishusha mwenyewe, amemvalisha binti, mikono inaning'inia hadi magotini. Akalitazama kwa muda, akalivua, akalirudisha kwenye msumari.

"Bado," akasema. "Labda mwakani."